Muulize Sista: Kanula imenishinda mara tatu, na sasa mkono unatetemeka

Mwezi huu karibu meseji zote zimetoka kwa watoto wanaosomea unesi, sijui ni msimu wa wodi ama ni nini. Wengi mko hapa hapa Amu, yaani Lamu mjini, wengine mwavuka na boti asubuhi kutoka Mokowe mkifika wodini viatu bado vimelowa. Mimi nilifanya kazi hii miaka 20 na ushei, saa hii nimestaafu, nakaa barazani na miwani yangu nawasoma. Majina nimetoa yote, kwa hivyo ukiona kisa kinafanana na cha jirani yako usiende kumsuta, vinafanana vingi.

Sista shikamoo. Niko mwaka wa 2 na saa hii niko wodi ya wanawake. Juzi niliambiwa nimwekee kanula, ule mrija wa dripu unaoingia mshipani, mama mmoja mtu mzima, kwa labu nilikua naipata vizuri tu kwa ule mkono wa plastiki mpaka mwalimu akanisifu, sasa kufika kwa mama mwenyewe ya kwanza hakuna damu, ya pili damu ikaja kidogo halafu mkono ukavimba, ya tatu hata sijui nilidunga nini. Mama hakulia, alisema tu "niwate kidogo mwanangu". Inchaji, mkubwa wa wodi, akaja akanipigia kelele mbele ya wagonjwa na jamaa zao, ati ni nani aliyenifundisha. Tangu siku hiyo nikishika sindano tu mkono unatetemeka. Nafikiria kuacha nikasaidie mama dukani. — Mkono wa kutetemeka, Langoni

Marahaba mwanangu. Dukani usiende bado, hata huko kuna wateja wenye kelele kushinda inchaji.

Ule mkono wa plastiki umekudanganya. Mshipa wake ni mpira, umekaa pale pale hautembei, na ngozi yake imedungwa na wenzako wote waliokutangulia mpaka matundu yenyewe yanakuonyesha pa kupita. Ukiupata pale ni kama kuvua samaki kwenye ndoo. Sasa mama wa miaka 70 mshipa wake unauona mkubwa umesimama kama kamba ya jahazi, wewe unafurahi, kumbe ngozi ishakua nyembamba na imelegea, mshipa hauna cha kuushika, ukiugusa na sindano unateleza pembeni. Na kama kina mama wa huku alikua na hina mpaka kwenye kifundo, rangi yenyewe ya mshipa huioni. Sasa macho weka kando, tumia kidole. Funga macho kabisa ukitaka, papasa, mshipa mzuri unabonyea unarudi, ukibonyeza ukakuta kigumu kama uzi huo ushachoka uache.

Mfanye hivi siku nyingine. Mkono wake uning'inize chini ya kitanda dakika moja mbili, ukiwa baridi uweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mwambie akunje ngumi afungue. Ile kamba ya kufunga ifunge juu kidogo ya pale unapotaka kudunga, upana wa vidole vinne hivi, na kwa mtu mzima usiikaze sana maana mshipa mwembamba ukijaa kupita kiasi ukiutoboa unapasuka, na hicho ndo kilichokuvimbia mara ya pili, nadhani. Ile spiriti ukishapaka ngoja ikauke, hesabu mpaka 30, usipepee na mkono wala usipulize, najua mnapulizanga nimewaona. Halafu, na hapa ndo wengi mnakosea, mkono wako wa kushoto uvute ngozi kuelekea chini uishikilie IMEVUTIKA mpaka mwisho, huo ndo unaozuia mshipa usikimbie. Sindano iingie imelala, kwa mzee ilale zaidi. Damu ikionekana kule nyuma usishangilie, iteremshe ilale kabisa, songa mbele nywele moja, ndo usukume ule mrija peke yake sindano ikibaki nyuma. Wengi wanaona damu wanasimama hapo hapo wanasukuma, kumbe ncha ya sindano iko ndani lakini mrija bado uko nje ya mshipa.

Na rangi ya kanula uliuliza? Hukuuliza, lakini nitakwambia maana nina hakika ulichukua ya kijani kwa sababu ndo iliyokua juu kwenye trei. Kijani ni saizi 18, nene, ya mtu anayemwaga damu ama anaenda thieta. Pinki ni 20. Mama kama huyo wa dripu ya kawaida mpe buluu, 22, inatosha na inaumiza kidogo.

Kutetemeka sasa. Vuta kiti ukae! Mnadunga mmesimama mmeinama kama mnaokota embe, mgongo unauma, mkono uko hewani hauna pa kujishikiza, utaacha kutetemeka vipi. Ukae, kitanda kije juu usawa wa kifua kama kinapanda, kifundo cha mkono wako ukilaze juu ya mkono wa mgonjwa, kidole cha mwisho kiguse ngozi yake. Na ule kwanza. Mtoto ametoka nyumbani na chai ya rangi tupu saa 11 alfajiri halafu saa 4 anashangaa mkono unacheza.

Inchaji alikosea kukufokea mbele za watu, angekuita pale kwa sinki mkasemezana, lakini kuhusu ya tatu alikua na haki mwanangu. Mtu mmoja adunge mara mbili, basi. Ya tatu si yako, unatoka unamwita mwingine, na hakuna aibu hapo, mimi na miaka yangu yote nimeita watoto wa mwaka wa 3 waje wanisaidie maana siku hiyo mkono haukua wangu. Aibu ni yule mama kugeuzwa mto wa kuchomekea sindano.

Na urudi kwake kabla hajaruhusiwa. Mpelekee maji, mwangalie pale palipovimba pameshuka ama vipi, mwambie pole mama siku ile nilikuumiza. Utaona atakavyokwambia.

Sista naomba unijibu haraka. Nilijidunga na sindano jana nikiirudishia kifuniko, ilikua imetoka kwa mgonjwa. Sijamwambia mtu naogopa wataniandikia. Nilikamua damu nikapaka jiki.

Huyu nilimjibu siku ile ile kwa simu, na alikwenda, alhamdulillahi. Naandika hapa kwa ajili ya wengine waliokaa kimya.

Ukijidunga: maji yanayotiririka na sabuni, basi. Usikamue, na jiki ni ya kufulia shuka. Halafu unasema SAA HIYO HIYO kwa mkubwa wa zamu. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, saa chache tu za kwanza zikiwezekana, na zikipita saa 72 haupewi tena, na ukianza unameza siku 28 bila kuruka. Kila saa unayokaa ukiogopa kuandikiwa unaitoa kwenye hizo 72. Na utapimwa, na mgonjwa ataombwa apimwe, na hakuna atakayekufa kwa kuulizwa. Chanjo ya homa ya ini B je, umepata zote 3? Ya kwanza, ya baada ya mwezi, na ya miezi 6, wengi mnapata mbili mnasahau ya tatu.

Kifuniko hakirudishwi. Sindano ikitoka kwa mtu inaingia boksi la njano moja kwa moja, boksi uende nalo kitandani usiende na sindano mpaka kwa boksi, na likijaa robo tatu linafungwa, halishindiliwi kama gunia la makaa.

Asalaam aleikum sista. Mimi nina siri. Sisikii presha. Wenzangu wakiweka stethoskopu wanasema namba, mimi nasikia ngurumo tu kama bahari. Kwa hivyo naangalia iliyoandikwa asubuhi naandika karibu na hiyo. Niko mwaka wa 1 na mtihani wa vitendo ni mwezi ujao. — Kiziwi, Mkomani

Waaleikum salaam. Wewe nakuelewa kuliko wote, ngoja nikwambie siri yangu na wewe.

Mwaka wangu wa kwanza, hospitali siitaji, niliandika 120/80 kwa wagonjwa 4 mfululizo. Sikua nasikia kitu. Usiku yule sista wa zamu akaangalia chati akacheka, akaniambia haya bibiye chukua mashine twende tukawasalimie hawa watu wako 4 wenye presha pacha. Watatu tulipita hivi hivi, hawakua na neno. Wa nne alikua mama ana mimba ya miezi 8, amelala amegeukia ukutani, kichwa kinamuuma tangu asubuhi na hakusema maana nilipopita na chati yangu nilimwambia uko sawa mama. Sista akapima. 190/110. Sijawahi kuona mtu akikimbia na kandambili vile. Daktari akaitwa, mama akachomwa magnesiamu ya kuzuia kifafa, na kabla ya alfajiri alikua ameshazaa, yeye na mtoto wakatoka salama. Kwa mama mja mzito 140/90 tayari ni ya kuita mtu, ikifika 160/110 kifafa cha mimba kiko mlangoni, na mimi nilikua nimemwandikia presha ya msichana anayecheza nage.

Sista hakunifokea. Alinipa kalamu akaniambia andika ya kweli, na pembeni andika saa.

Kwa hivyo leo, kabla ya mtihani na kabla ya yote, ukipima usisikie andika SIJASIKIA na umwite mtu. Mstari mtupu kwenye chati unamfanya mwenzako aende akaangalie, lakini namba nzuri ya uongo inamfanya apite.

Sasa tukutibu hayo masikio. Angalia zile ncha za stethoskopu zinaelekea wapi ukizivaa, zielekee mbele kwa pua. Nusu ya viziwi wa mwaka wa 1 wamezivaa nyuma mbele, ncha inagonga ukuta wa sikio. Ya pili, ule upande wa kifuani unazunguka, ugonge na kidole usikie umefunguka upande upi. Kama una mtandio, ncha ziingie chini ya kitambaa, usizivae juu yake, hiyo ngurumo ya bahari mara nyingi ni kitambaa tu kinasuguana. Feni izime. Na pale ndani ya kiwiko, upande wa kidole cha mwisho, papasa pigo kwa vidole kwanza, ukilipata ndo uweke pale pale, wengi mnaweka katikati tu kwa kukisia.

Mgonjwa awe amekaa dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, na asiongee, huku kwetu hiyo ndo kazi maana ukimwambia mama wa Kiamu anyamaze dakika 5 unamtafutia presha. Mkanda uwe saizi yake, ukiwa mdogo kwa mkono mnene unakupa namba ya juu ya uongo. Shika pigo la kifundoni, jaza mpaka lipotee, ongeza 30 hapo, ndo uachie polepole, namba ishuke 2 kwa sekunde, usiachie pwaa kama gurudumu la baiskeli. Tak ya kwanza unayosikia ndo ya juu. Zinapokata kabisa ndo ya chini. Hizo tak zina jina la daktari Mrusi, Korotkov, alizieleza mwaka 1905, kabla yake watu walikua wanapata ya juu peke yake kwa kushika pigo. Kwa hivyo hata yeye kuna siku alikua hajasikia kitu.

Muulize mwalimu kama labu ina ile stethoskopu ya watu wawili, kifua kimoja masikio manne. Mkisikiliza pamoja siku mbili tatu sikio linafunguka ghafla, halirudi tena kufunga.

Sista mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka 19 anasomea unesi, baba yake amesikia ati wanaosha wanaume uchi na ameghadhibika anataka kumtoa. Binti mwenyewe hasemi, analia tu chumbani. Nimwambie nini mume wangu? — Mama, Shela

Dada yangu, mwambie kweli, maana ukiificha ataisikia barazani ikiwa imeongezwa chumvi. Ndio wanaosha wagonjwa, wanaume kwa wanawake, ni katika masomo yao. Lakini uchi wa namna anayofikiria yeye haupo. Anayeoshwa amefunikwa shuka, pazia limevutwa pande zote, unafunua mkono unaosha unakausha unafunika, ndo unafunua mkono wa pili, unashuka hivyo hivyo, maji yanabadilishwa, na zile sehemu za siri mgonjwa akijiweza anapewa kitambaa ajioshe mwenyewe wewe umegeuka. Asiyejiweza ndo anaoshwa, na wodini huwa tunaangalia, kama kuna kaka wa zamu anachukua wazee wa kiume na dada anachukua kina mama. Siku nyingine kaka hayupo. Hiyo siwezi kukuficha.

Na huyo mzee anayeoshwa ni nani? Ni baba wa mtu, amevunjika nyonga amedondoka kwa punda kule vichochoroni, hawezi kugeuka, akiachwa hivyo mgongo unaota vidonda vya kuingia ngumi. Mume wako muulize tu taratibu, siku ya kwake angependa nani awe zamu. Usiulize akiwa na njaa.

Buibui linabaki nyumbani ama kabatini, hijabu fupi iliyochomekwa ndani inaruhusiwa mahali pengi, ila mikono lazima iwe wazi mpaka kiwiko wakati wa kunawa na kushika mgonjwa, mkono mrefu unabeba vijidudu kitanda hadi kitanda. Na yunifomu asirudi nayo nyumbani akapakata mtoto wa dada yake, abadilishe huko, ifuliwe peke yake. Pete na bangili pia aziache nyumbani, na piko la harusini kwenye kucha aliache mpaka likizo. Hilo piko linatusumbua hata kwa wagonjwa, ile mashine ya kubana kidole ya kupima oksijeni inasoma vibaya kwenye kucha nyeusi, bibi harusi ana asilimia 86 na yuwacheka na wageni, kumbe ni piko tu, ukihamisha kidole kisichopakwa inakuja 98.

Kuhusu binti kulia, mkae wawili bila baba. Huenda halii kwa sababu ya baba yake, wiki ya kwanza wodini wengi wanalia, kuna aliyeona mtu akifa.

Mimi natoka Kitui, nimeletwa kusoma Lamu. Kiswahili najua lakini cha wazee wa hapa sielewi. Mzee aliniambia "kitwa chaniuma na mato siyaoni vyema" nikaandika kwamba anamtafuta mtu anaitwa Mato. Darasa zima linaniita Mato sasa.

Hahaa, pole Mato. Nimecheka mpaka miwani imeanguka.

Chukua hii itakusaidia: hapa che na cha za huko kwenu mara nyingi zinakua te na ta, kichwa ni kitwa, macho ni mato, kuchukua ni kutukua, kuacha ni kuwata. Je na ja zinakua ye na ya, jana ni yana, juu ni yuu. Na nj inakua nd, njaa ni ndaa na njia ni ndia, kwa hivyo mama akikwambia mtoto ana ndaa usianze kutafuta ndoo. Mwambie mgonjwa akuonyeshe kwa kidole kimoja panapouma, halafu umrudishie maneno yake kwa Kiswahili chako, "yaani kichwa kinauma na macho yana giza baba?", akikataa atakurekebisha na atafurahi mgeni anajifunza.

Ila huyo mzee, kitwa na mato pamoja, presha ulimpima?

Sista, saa ya mkono ni lazima? Simu si ina saa.

Simu ikae mfukoni, imeguswa chooni na sokoni. Nunua saa ya bei rahisi yenye mshale wa sekunde unaozunguka, usinunue ya namba, ya namba ukihesabu pumzi unapotea. Itundike kifuani kwa pini, si kifundoni. Pumzi hesabu dakika nzima, na usimwambie mgonjwa unazihesabu, jifanye bado umeshika pigo la mkono. Akijua tu anaanza kupumua kama anapigwa picha.